Ligi Kuu ina mabilioni, mbona timu ya kijiji haina nauli?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, swali hili hurudi. Ligi Kuu Bara sasa ina pesa kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Mbona timu za Lugoba, Miono, Kiwangwa na Mbwewe bado zinachangishana nauli ya kwenda kucheza kata ya jirani?

Ni swali la haki, kwa sababu sehemu ya pesa hiyo inatoka kwetu. Inatoka tunapolipia king'amuzi. Inatoka kijana anapotoa Sh500 au Sh1,000 mlangoni kwa kibanda umiza, na anapoweka mkeka kwenye simu. Na vipaji navyo vinatoka huku huku mchangani.

Katika makala haya tunaeleza mambo matatu: pesa ya ligi inatoka wapi na inaishia wapi, kwa nini haiwafikii wanaolea watoto, na ni fungu gani la pesa ambalo timu ya kijiji ina haki nalo kisheria lakini mara nyingi inalikosa kwa sababu ya karatasi.

Pesa inatoka wapi?

Tuanze na televisheni. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Ukigawanya kwa miaka yake, ni wastani wa zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka. Hata sisi wa redio tumo kwenye hesabu hiyo: haki za matangazo ya redio zilikwenda TBC, pia kwa miaka 10, kwa Sh3 bilioni.

Halafu kuna mdhamini mkuu. Benki ya NBC iliingia mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaongeza mkataba wa miaka mitano wa Sh32.6 bilioni. Fedha hizo si za Ligi Kuu peke yake. Zinagusa pia Ligi ya Championship na ligi ya vijana chini ya miaka 20. Ni wastani wa Sh6.5 bilioni kwa mwaka kwa ligi zote tatu.

Ili kuona tulikotoka, kumbuka msimu wa 2018/19. Ligi ilichezwa na timu 20 bila mdhamini mkuu hata mmoja. Vodacom iliporudi mwaka 2019, mkataba ulikuwa Sh9 bilioni kwa miaka mitatu, yaani Sh3 bilioni kwa mwaka. Kwa hiyo anayesema pesa imeongezeka hakosei. Imeongezeka mara nyingi.

Na imeleta matunda. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025. Taifa Stars, iliyokaa miaka 39 bila kucheza fainali za AFCON tangu 1980, imerudi kwenye fainali hizo mwaka 2019 na tena zile za 2023 zilizochezwa Ivory Coast. Haya si mambo madogo.

Pesa inaishia wapi?

Mkataba wa ligi ni wa timu zote, lakini nje yake kila timu inajitafutia. Hapo ndipo pengo linapokuwa kubwa. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba wa miaka mitano na M-Bet wa zaidi ya Sh26 bilioni. Hiyo ni zaidi ya Sh5 bilioni kwa mwaka kwa klabu moja. Linganisha na zile Sh6.5 bilioni za NBC kwa ligi tatu. Mwaka huo huo Yanga ilisaini na SportPesa Sh12.3 bilioni kwa miaka mitatu.

Klabu kubwa zikipata pesa hiyo, zinaitumia pale mashabiki wanapotaka: mchezaji aliyekomaa, atakayefunga bao wiki ijayo. Kanuni zinaruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Hatuwalaumu. Anayetaka kufika fainali ya Afrika hawezi kumsubiri mtoto wa miaka 14 akue.

Klabu ndogo zina hofu nyingine, nayo ni kushuka daraja. Mfano tunao mlangoni. Ruvu Shooting ya Mlandizi, timu ambayo wengi wetu tulikwenda kuitazama Mabatini bila kulala safarini, ilishuka mwisho wa msimu wa 2022/23. Timu ikishuka, pesa ya Ligi Kuu inakatika siku hiyo. Kocha anayejua hivyo hawezi kuweka akiba ya miaka mitano. Anatafuta pointi tatu za Jumamosi.

Kuna na jambo la timu kuhama. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya. Ndiyo iliyokata mfululizo wa Yanga wa mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Msimu wa 2023/24 ilihamishiwa Singida, na uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Singida Fountain Gate nayo ikahama, ikabaki na jina la Fountain Gate, makao yake Babati, Manyara. Mwenye timu ana haki ya kutafuta mahali penye nafuu. Lakini mtoto wa Mbarali aliyekuwa akiota kuvaa jezi ya Ihefu, ndoto yake ilihama na basi la timu.

Jumlisha hayo. Kubwa hazina sababu ya kusubiri, ndogo hazina uwezo wa kusubiri. Kulea kijana kunataka subira ya miaka minane au kumi. Pesa ya ligi, kwa jinsi inavyotembea sasa, haina subira hiyo. Inapita Chalinze kama basi la Arusha: inasimama dakika tano, inanunua nanasi, inaondoka.

Nani basi analea?

Wapo waliojaribu na kufanikiwa. Azam FC ilijenga kituo chake Chamazi, na matunda yameonekana. Novatus Dismas alipita pale, akapelekwa Biashara United kwa mkopo, na kutoka hapo amecheza Israel, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Mtibwa Sugar ya Turiani, majirani zetu wa Morogoro, wamejulikana miaka mingi kwa kukuza vijana. Lakini angalia kilichowapata: mabingwa hao wa 1999 na 2000 walishuka daraja mwaka 2024 kabla ya kurejea. Kulea vizuri hakukuwakinga.

Kwa upande wa TFF, kuna vituo vya ufundi vya Kigamboni na Mnyanjani, Tanga. Kuna ligi ya vijana. Kuna mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Zamani kulikuwa na Copa Coca-Cola na Airtel Rising Stars, ambayo yaliibua vijana wengi. Yalikuwa mazuri, lakini yalisimama juu ya mdhamini. Mdhamini akiondoka, shindano linaondoka naye.

Na tukitaka ushahidi kwamba vijana wetu wanaweza, tuwatazame wasichana. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa na wakafika robo fainali. Walikwenda kwa mara ya kwanza.

Lakini kabla ya Chamazi, kabla ya Turiani na kabla ya timu ya taifa, kuna mtu wa kwanza. Ni yule mwalimu wa shule ya msingi, au bodaboda, au fundi cherehani, anayekusanya watoto saa kumi jioni kwenye uwanja wenye mashimo, mpira mmoja watoto 30. Huyo ndiye mlezi mkubwa wa soka la nchi hii. Na huyo hayumo kwenye mkataba wowote kati ya ile tuliyoitaja.

Fungu la pesa ambalo ni lako

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

FIFA ina kanuni mbili za kulipa timu zilizomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na anapohama kwenda nchi nyingine kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa timu zote alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Haijalishi ni mara ya ngapi anauzwa. Haijalishi timu ni ya Ulaya au ya mchangani, mradi imesajiliwa na chama cha soka cha nchi yake na mchezaji alisajiliwa kwayo.

Mgawo wenyewe uko hivi. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, timu iliyomlea inapata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23, inapata nusu ya asilimia moja.

Tupige hesabu ya mfano. Kijana amecheza timu ya kijiji tangu ana miaka 12 hadi 15, miaka minne. Baadaye anauzwa na klabu moja ya nje kwenda nyingine kwa dola milioni 1 za Marekani. Robo ya asilimia mara nne ni asilimia moja. Timu ya kijiji inastahili dola 10,000, zaidi ya Sh20 milioni. Kama alibaki nayo miaka ya 16 na 17 pia, inastahili dola 20,000.

Pesa hiyo inanunua jezi, mipira na nyavu, inasawazisha uwanja, inalipa nauli za misimu kadhaa. Na akiuzwa tena, hesabu inaanza upya. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kusimamia malipo haya, ili timu ndogo isilazimike kuanza kuidai klabu ya Ulaya yenyewe.

Kwa nini haifiki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa wanazungumzia soka, lakini wameligusa.

Mfumo wa FIFA unafuata rekodi za usajili. Unauliza: mchezaji huyu alipokuwa na miaka 12 alisajiliwa wapi? Na miaka 13? Kama rekodi za chama cha soka cha nchi zinaanzia siku alipofika klabu ya Dar es Salaam akiwa na miaka 18, basi kwa macho ya mfumo huo alizaliwa siku hiyo akiwa na miaka 18. Miaka yote ya vumbi la Msata au Talawanda haipo.

Mchangani kwetu tunacheza ndondo. Mshindi anachukua mbuzi au ng'ombe, mashindano yanaisha, timu inavunjika. Msimu ujao inarudi kwa jina jingine. Wachezaji wanaazimwa kwa mechi moja. Ni burudani nzuri, na hatusemi iachwe. Tunasema ndondo haiachi karatasi.

Jambo jingine ni umri. Tunamjua mtoto aliyepunguziwa miaka ili acheze na wadogo. Nchi hii imeshalipia tabia hiyo. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizochezwa Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka: Congo Brazzaville iliondolewa kwa suala la umri, na nafasi yake kwenye fainali za Gabon mwaka 2017 ikachukuliwa na sisi. Mara moja karatasi ilitunyang'anya, mara moja ikatupa.

Na kuna kasoro ambayo si ya kijiji. Malipo haya ya FIFA hayaihusu timu ya kijiji pale kijana anapohama ndani ya Tanzania. Kijana wa Kiwangwa akienda klabu ya Dar es Salaam au Morogoro, FIFA haihusiki. FIFA inavitaka vyama vya nchi kuwa na utaratibu wa ndani wa kuzituza timu zinazolea. Utaratibu wa namna hiyo una maana tu pale unapofika hadi mchangani.

Wenzetu wa Senegal

Senegal si nchi tajiri kuliko sisi kwa mbali, na ligi yao ya ndani haina majina makubwa. Walichofanya ni kujenga vituo vya kulea na kuvifunga kwa mikataba. Kituo cha Génération Foot kilianzishwa mwaka 2000 nje ya jiji la Dakar, kikaingia ushirikiano na klabu ya Metz ya Ufaransa. Sadio Mané alipita hapo. Kituo kinatoa mchezaji, Metz inasaidia kituo, na kila upande una karatasi yake.

Matokeo unayajua. Senegal ilichukua AFCON ya 2021, na mwaka 2023 ikachukua CHAN, ubingwa wa vijana chini ya miaka 20 na ule wa chini ya miaka 17. Kwa miezi kadhaa walishika makombe hayo manne kwa wakati mmoja. Hawakununua mchezaji hata mmoja.

Nini kifanyike juu

Kwa maoni yetu, wakubwa wana mambo matatu ya kufanya. Kwanza, sehemu ya pesa ya televisheni na mdhamini ifungwe kwa ajili ya vijana. Klabu isiyo na timu hai ya vijana, inayocheza msimu mzima, ikose sehemu hiyo. Timu ya vijana inayokusanywa wiki mbili kabla ya mashindano isihesabiwe.

Pili, kijana anapohama ndani ya nchi, timu iliyomlea ipate kitu kwa mujibu wa kanuni, si kwa huruma ya kiongozi.

Tatu, mwaka 2021 Serikali iliamua asilimia 5 ya kodi ya kubashiri michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Vijana wa vijijini wanabashiri kila siku. Ni haki kuuliza ni kiasi gani cha mfuko huo kinarudi kwenye viwanja vya kata. Diwani wako anaweza kuuliza, na wewe unaweza kumuuliza diwani.

Nini kifanyike huku kwetu

Mengine hayasubiri mtu yeyote. Kama unaendesha timu ya watoto, fanya haya:

1. Isajili timu. Andikeni katiba, mpitie kwa afisa michezo wa halmashauri ili klabu isajiliwe na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), kisha mjiunge na chama cha soka cha wilaya. Bila usajili, ninyi ni kikundi cha mazoezi tu.

2. Cheti cha kuzaliwa kwanza, viatu baadaye. Mzazi afuatilie cheti cha RITA mapema, chenye tarehe ya kweli. Umri wa uongo unaweza kumfaa mtoto msimu mmoja na kumfungia milango miaka 10.

3. Kila msimu, kila jina. Uliza chama cha wilaya namna ya kuingiza wachezaji kwenye mfumo wa usajili wa TFF. Usisajili wale 11 wazuri tu. Hujui ni yupi.

4. Weka daftari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu, mechi, picha ya timu yenye tarehe. Daftari haliwezi kuchukua nafasi ya usajili, lakini siku ya ubishi lina faida.

5. Akiondoka, aondoke kwa barua. Msimzuie kijana, riziki ni yake. Lakini klabu inayomchukua isaini, na mjaribu kukubaliana asilimia fulani akiuzwa baadaye. Kukubaliana kwa simu si kukubaliana.

6. Jihadharini na mawakala wa njiani. Wakala halali wa uhamisho wa kimataifa ana leseni ya FIFA. Na FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Mtu anayekuomba pesa ya pasipoti na viza ili ampeleke mwanao wa miaka 15 akafanye majaribio Ulaya au Uarabuni, mpeleke kwanza chama cha wilaya akajieleze. Wengi hawatafika.

Muda tulionao

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja. Wachezaji wa fainali hizo tayari wamo kwenye klabu, na kwao makala haya yamechelewa.

Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka 2013 atatimiza miaka 18 mwaka 2031, mwaka ule ule mkataba mkubwa wa televisheni unapofika mwisho. Siku hiyo wakubwa watakaa mezani kuzungumza mabilioni mapya. Mtoto huyo sasa hivi yuko Ubena, Vigwaza au Mandera, anacheza pekupeku. Kama jina lake limeandikwa mahali kuanzia msimu huu, kijiji chake nacho kitakuwa na cha kudai. Kama halijaandikwa, tutamwona kwenye televisheni, tutasema huyu ni wa kwetu, na tutakuwa tumelipa kiingilio cha kibanda umiza ili kumtazama.